Wanapohukumiwa kwa Ajili ya Dini Yao: Tufanye Nini Tukiwa Mbali?

Tarehe 12 Januari 2010, watu saba walifikishwa mbele ya Tawi la 28 la Mahakama ya Mapinduzi jijini Tehran. Walikuwa wameshakaa karibu miaka miwili katika gereza la Evin. Maofisa wa usalama na wapiga picha waliingia ukumbini bila shida. Waliozuiwa mlangoni ni mawakili wa washtakiwa, wakabishana mpaka wakaruhusiwa. Katika miezi yote ile ya mahabusu, mawakili hao walikuwa wamepewa kiasi cha saa moja tu ya kuonana na wateja wao.

Washtakiwa walikuwa Mahvash Sabet, Fariba Kamalabadi, Jamaloddin Khanjani, Afif Naeimi, Saeid Rezaie, Behrouz Tavakkoli na Vahid Tizfahm. Kazi yao ilikuwa kushughulikia mambo ya kila siku ya Wabahai wa Iran: ndoa, mazishi, malezi ya watoto. Walishtakiwa kwa upelelezi kwa ajili ya Israel, propaganda dhidi ya dola, na kueneza ufisadi duniani, kosa ambalo nchini Iran linaweza kumpeleka mtu kitanzini. Agosti mwaka huohuo kila mmoja akahukumiwa miaka 20. Rufaa ikaipunguza kuwa 10, baadaye ikarudishwa 20, na mwishowe, kwa sheria mpya ya adhabu, wakatumikia 10. Nakala rasmi ya hukumu mawakili hawakupewa.

Habari za namna hii hutufikia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwa simu, zikiwa zimechanganyika na uvumi na picha zisizohusika. Wengi husikitika, husambaza ujumbe mara moja, kisha husahau. Wengine hutaka kusaidia wasijue waanzie wapi. Makala hii ni kwa ajili ya hao wa pili. Nimechagua mfano wa Wabahai wa Iran kwa sababu kesi zao zina kumbukumbu nzuri za miaka mingi, lakini hatua zinazoelezwa hapa zinafaa pia kwa Waahmadiya wa Pakistan, Mashahidi wa Yehova wa Urusi, au jamii nyingine yoyote ndogo inayoburuzwa mahakamani kwa imani yake.

Elewa kwanza kesi yenyewe

Huwezi kumtetea mtu ambaye hujui anashtakiwa nini. Katika mashtaka haya, lile la upelelezi ndilo linalowababaisha wasikilizaji wengi, kwa kuwa ni kweli kwamba makao makuu ya Wabahai yako Haifa na Akka, ndani ya Israel ya leo. Mtu akisikia hivyo huona kama jambo limekwisha. Ila tazama tarehe. Bahá'u'lláh, mwasisi wa dini hiyo, alikuwa Mwirani aliyefukuzwa nchini kwake, na dola ya Uthmaniyya ikampeleka Akka mwaka 1868 akiwa mfungwa. Akafariki huko mwaka 1892 na kuzikwa nje kidogo ya mji. Dola ya Israel iliundwa mwaka 1948, miaka 80 baada ya yeye kufika. Makao yako pale kwa sababu kaburi liko pale. Ukilijua hili, unaweza kumjibu jirani yako bila hasira, na unaweza kuandika barua ambayo balozi hataitupa kwa sababu ya sentensi moja ya kijinga.

Jambo la pili ni katiba. Ibara ya 13 ya Katiba ya Iran inawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo kuwa ndio peke yao wachache wa kidini wenye haki ya kufanya ibada zao kwa mujibu wa sheria. Wabahai, wanaokadiriwa kufikia 300,000 na ambao ndio jamii kubwa kuliko zote nchini humo isiyo ya Kiislamu, hawamo. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Mapinduzi ya Kiutamaduni liliandaa waraka wa siri unaoagiza kwamba Wabahai washughulikiwe kwa namna itakayoziba njia za maendeleo yao, na wafukuzwe vyuo vikuu. Waraka huo ulifichuliwa mwaka 1993 na mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Reynaldo Galindo Pohl. Ni karatasi muhimu sana kwa mtetezi, kwa maana inaonyesha kwamba kesi moja moja mahakamani zina mpango nyuma yake.

La tatu ni historia ya viongozi wenyewe. Tarehe 21 Agosti 1980 wajumbe wote tisa wa baraza la kitaifa la Wabahai walikamatwa pamoja, na hadi leo hawajaonekana. Wakachaguliwa wengine. Desemba 1981 wanane kati yao wakauawa. Mwaka 1983, mjini Shiraz, wanawake kumi walinyongwa usiku mmoja. Mmoja wao, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na miaka 17, na miongoni mwa aliyoshtakiwa nayo ni kuwafundisha watoto masomo ya dini. Zaidi ya Wabahai 200 wameuawa tangu mapinduzi ya 1979. Wale saba waliokamatwa mwaka 2008 walijua wanarithi nafasi za nani.

Pima kesi kwa vipimo vya sheria

Hapa ndipo watetezi wengi hukosea. Hugeuza kesi kuwa ubishi wa dini: dini gani ya kweli, nani kafiri, nani mzushi. Ubishi huo hauna mwisho, na anayeteseka gerezani haumsaidii kitu. Swali la kumuuliza ofisa wa serikali ni jingine kabisa: je, huyu mtu alihukumiwa kwa haki?

Kipimo kipo. Ni Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Iran iliuridhia mwaka 1975, na utawala uliokuja baada ya mapinduzi haukujitoa. Kenya iliingia mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976, kwa hiyo unaponukuu ibara hiyo unanukuu ahadi ambayo nchi yako pia imeitoa. Inataka mahakama iliyo huru, isiyoegemea upande, na kesi inayoendeshwa hadharani. Mshtakiwa aelezwe kosa lake bila kuchelewa, apewe muda na nafasi ya kutosha kuandaa utetezi, azungumze na wakili aliyemchagua mwenyewe, awahoji mashahidi wanaomtuhumu, asilazimishwe kukiri, ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike, na akate rufaa kwenye mahakama ya juu.

Chukua daftari, uandike upande mmoja masharti hayo, upande wa pili yaliyotokea. Kwa wale saba daftari linajaa haraka. Muda wa kuonana na wakili: saa moja hivi. Wakili wa chaguo lao: waliwachagua mawakili wa Kituo cha Watetezi wa Haki za Binadamu kilichoanzishwa na Shirin Ebadi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2003, pamoja na wenzake; Desemba 2008 ofisi ya kituo hicho ikafungwa na serikali, na mmoja wa mawakili, Abdolfattah Soltani, akaishia gerezani yeye mwenyewe. Kesi ya hadharani: wapiga picha ndani, mawakili mlangoni. Unapoweka mambo hivi, msomaji wa barua yako hahitaji kupenda dini ya mtu yeyote ili aone palipoharibika.

Na ninataka kulisema hili waziwazi kwa wasomaji Waislamu, maana najua swali lao. Kumtetea Mbahai katika kesi hakumaanishi kuikubali dini yake. Ebadi na Soltani ni Waislamu. Mei 2008, mwezi uleule sita kati ya wale saba walipokamatwa, Ayatollah Hossein-Ali Montazeri, mwanazuoni aliyewahi kuteuliwa kuwa mrithi wa Ayatollah Khomeini, alitoa tamko kwamba Wabahai ni raia wa nchi na wana haki za uraia, ingawa hakuikubali imani yao. Miaka minane baadaye Fariba Kamalabadi alipewa ruhusa ya siku chache kutoka gerezani, na Faezeh Hashemi, binti wa aliyekuwa rais Akbar Hashemi Rafsanjani, akaenda kumjulia hali nyumbani. Walifahamiana Evin walipokuwa wamefungwa wote. Picha yao wakiwa wameketi pamoja ilizua ghadhabu kubwa kwa viongozi, na baba yake mwenyewe akamlaumu hadharani. Hakurudi nyuma. Watu hao wako karibu na moto kuliko sisi.

Kabla hujafungua mdomo

Familia ndiyo yenye neno la kwanza. Ziko kesi ambazo ndugu huomba ukimya kwa wiki kadhaa kwa sababu mazungumzo ya dhamana yanaendelea, na ziko ambazo huomba kelele kubwa mara moja. Wewe uliye mbali hujui ni ipi. Kwa Wabahai njia ni rahisi kidogo: Jumuiya ya Kimataifa ya Wabahai ina ofisi New York na Geneva zinazoshughulikia kesi hizi, na jamii za Wabahai zipo Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na kwingineko. Waulize. Kwa jamii nyingine, tafuta chombo chao kinachozungumza kwa niaba yao. Usimtafute mke au mtoto wa mfungwa kwa simu wala mtandaoni. Simu ya kigeni inaweza kugeuzwa ushahidi wa kushirikiana na wageni. Pesa nazo usitume kwa akaunti usiyoijua, hata ujumbe uwe umeandikwa kwa machozi kiasi gani.

Hakikisha habari. Kama umeipata kwa WhatsApp, tafuta kama imetajwa na shirika la habari linaloheshimika, na Amnesty International, Human Rights Watch, au wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Angalia tarehe, kwa kuwa picha ya mwaka 2010 huzunguka leo kama ya jana. Hili ni suala la heshima kwa mfungwa, na ni suala la usalama wako pia: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina ya kwake ya 2018, na zote zilitungwa zikiwa na adhabu kwa kusambaza taarifa za uongo.

Neno kwa ndugu zetu walioko Oman, Qatar, Emirates na Saudia. Usiandike chochote juu ya jambo hili kwa jina lako, na usishiriki mkusanyiko. Sheria za huko kuhusu kukashifu dini na makosa ya mtandao ni kali, na mkataba wako wa kazi hautakulinda. Mwenye uchungu na jambo hili awaachie walioko nyumbani waandike. Si woga, familia inakutegemea.

Barua

Nimeshuhudia watu wakidharau barua wakidhani ni kitu cha zamani. Mimi naiamini kuliko orodha ya majina elfu kumi yaliyobonyezwa mtandaoni, kwa sababu barua lazima mtu aifungue, aisome, aipige muhuri na aiweke kwenye jalada. Iran ina balozi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Andika huko, nakala wizara yako ya mambo ya nje. Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka. Hivi:

*Mheshimiwa Balozi,*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Tanga. Ninakuandikia kuhusu Bi. Mahvash Sabet na Bi. Fariba Kamalabadi, raia wa nchi yako, waliokamatwa tena tarehe 31 Julai 2022 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 mwishoni mwa mwaka huo, baada ya shauri lililosikilizwa kwa muda wa saa moja hivi. Wote wawili walikuwa wameshatumikia karibu miaka 10 tangu mwaka 2008.*

*Nchi yako iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1975. Ibara ya 14 inampa kila mshtakiwa muda wa kutosha wa kujitetea mbele ya mahakama huru, na Ibara ya 18 inalinda uhuru wa dini.*

*Ninaiomba serikali yako iifute hukumu hiyo na kuwaachia huru bila masharti, na kwa muda wote watakapokuwa mikononi mwa dola wapate matibabu kamili. Nitashukuru kupata jibu lako.*

*Wako kwa heshima,*

Tazama kilichokosekana. Hakuna tusi, hakuna neno juu ya Uislamu, hakuna siasa za Marekani wala Israel. Kuna majina, tarehe, ibara mbili, maombi mawili, na mwandishi aliyejitambulisha yeye ni nani. Maombi yawe machache na yanayotekelezeka. Ofisa anayeweza kukubali dogo, kwa mfano daktari wa moyo, apewe nafasi ya kulikubali hata kama la kuachiwa huru haliwezi. Kabla ya kutuma, hakikisha hali ya wafungwa siku hiyo, maana huhamishwa, hupewa ruhusa ya matibabu, hurudishwa. Barua inayodai aachiwe mtu aliyeko nyumbani huharibu nyingine kumi zilizo sahihi.

Jibu usilitegemee. Baada ya wiki sita andika tena, utaje tarehe ya barua ya kwanza.

Serikali yako ina kura

Wengi hawajui kwamba nafasi yenye nguvu zaidi iko karibu zaidi. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, Geneva, lina viti 47. Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilichaguliwa kuingia kwa kipindi cha 2025 hadi 2027, na Burundi kwa 2024 hadi 2026. Novemba 2022, baraza hilo lilipopiga kura kuunda ujumbe wa kuchunguza ukandamizaji nchini Iran, nchi 25 ziliunga mkono, 6 zilipinga na 16 zilijizuia, nchi kadhaa za Afrika zikiwa katika hizo zilizojizuia. Kila mwaka pia Baraza Kuu mjini New York hupigia kura azimio kuhusu haki za binadamu nchini Iran, ambalo Kanada imekuwa ikiliwasilisha tangu 2003, na huko nako safu ya wanaojizuia imejaa nchi zetu.

Kujizuia kuna sababu zake: biashara, mafuta, msimamo wa kutofungamana na upande wowote, na chuki ya kuona nchi za magharibi zikiwa hakimu wa kila mtu huku zikifumbia macho marafiki zao. Sababu hiyo ya mwisho ina uzito, na sitamlaumu mwanadiplomasia anayeitaja. Ila mfungwa wa Evin hakuitunga siasa hiyo. Mwandikie mbunge wako umwombe aulize bungeni swali moja: nchi yetu itapigaje kura, na kwa nini? Swali la bungeni lazima lijibiwe na waziri, na jibu huingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Kuna pia mapitio ambayo kila nchi mwanachama hufanyiwa Geneva kila baada ya miaka minne na nusu hivi, ambapo nchi nyingine yoyote inaweza kutoa pendekezo. Iran ilipitiwa Januari 2025. Ni mahali pazuri kwa nchi inayoogopa azimio kali: pendekezo linaweza kuwa la sentensi moja, kwa mfano kwamba mawakili wa washtakiwa wapewe majalada ya kesi kwa wakati. Tanzania au Uganda inaweza kusema hivyo bila kugombana na mtu.

Mlango upi unafunguka, upi haufunguki

Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, haina mamlaka juu ya Iran. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha vivyo hivyo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague: Iran ilisaini mkataba wake lakini haikuuridhia. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa 1966 haiwezi kupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja dhidi ya Iran, kwa kuwa nchi hiyo haikukubali itifaki inayoruhusu hivyo. Anayekuomba usaini ombi kwenda huko anakupotezea nguvu, hata kama nia yake ni njema.

Unaofunguka ni Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu waliozuiliwa kiholela. Hiki hupokea malalamiko dhidi ya nchi yoyote, bila kujali imesaini nini. Kina fomu yake ya maswali, na malalamiko huletwa na mwathirika, familia, wakili au shirika. Mwaka 2008, wale saba wakiwa bado hawajafikishwa mahakamani, kikundi hicho kilitoa maoni kwamba wamezuiliwa kiholela. Maoni hayafungui mlango wa gereza, lakini kuanzia siku hiyo kila barua iliweza kuyataja. Wapo pia wataalamu maalumu: mmoja wa Iran, Mai Sato tangu 2024, na mmoja wa uhuru wa dini, Nazila Ghanea tangu 2022. Nao huziandikia serikali kudai maelezo. Kama huna idhini ya familia usijaze fomu hizi. Taarifa mbili zinazopingana kuhusu mtu mmoja hutumiwa na serikali kukanusha zote.

Mbali na barua na fomu, ukitaka kukusanya watu kwa kesha au mkutano wa hadhara, toa taarifa polisi kwa maandishi: Tanzania saa 48 kabla, Kenya siku zisizopungua tatu. Mkutano wa ndani, ukiwa na sheikh, mchungaji na Mbahai meza moja, huzaa matunda zaidi, na mwandishi wa habari wa redio ya mkoa atakuja akialikwa.

Je, inasaidia?

Januari 2009 mwandishi wa habari Mmarekani, Roxana Saberi, alikamatwa Tehran. Aprili akahukumiwa miaka minane kwa upelelezi, katika kesi iliyofungiwa mlango. Dunia ilipiga kelele, na Mei rufaa ikaipunguza adhabu kuwa kifungo cha nje, akarudi kwao. Humo Evin alikuwa amelala chumba kimoja na Mahvash Sabet na Fariba Kamalabadi. Mashtaka ya upelelezi yalikuwa yaleyale. Yeye alikaa miezi mitatu na kidogo, wao karibu miaka kumi. Alipotoka hakunyamaza: aliandika na kuzungumza juu ya wenzake, akiwataja kwa majina.

Siwezi kukuahidi kwamba barua yako itamtoa mtu. Ninachokiona ni kwamba viongozi wa 1980 walipotea na wa 1981 waliuawa, habari zikatoka baadaye. Wa 2008 walitajwa kwa majina katika mabunge na kwenye magazeti tangu wiki za kwanza, na wote saba, kati ya 2017 na 2018, walitoka wakiwa hai. Yemen ni hivyohivyo. Hamed bin Haydara, Mbahai aliyekamatwa mwaka 2013, alihukumiwa kifo Januari 2018 na mahakama ya Wahouthi mjini Sanaa. Rufaa yake ikakataliwa Machi 2020. Julai mwaka huohuo, baada ya miaka ya shinikizo, yeye na Wabahai wenzake watano wakaachiwa na kusafirishwa nje ya nchi. Hukumu ya rufaa ilikuwa imeshatoka, na wengi walikuwa wameshafunga majalada yao.

Mahvash Sabet, mwalimu aliyefukuzwa kazi baada ya mapinduzi, aliandika mashairi gerezani; yalitoka nje, yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 2013, na mwaka 2017 shirika la waandishi la PEN la Uingereza likampa heshima ya mwandishi jasiri. Vyama vyetu vya ushairi vinaweza kumsoma hadharani na kumwandikia. Kwa jamii inayokaa barazani kusikiliza shairi, hii ndiyo njia ya utetezi iliyo ya kwetu hasa.

Na jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Mwaka 1955 serikali ya Iran iliwashambulia Wabahai hadi kuba la kituo chao cha Tehran likabomolewa, na mpango wa kujenga hekalu huko ukawa hauwezekani. Uongozi wao ukaamua hekalu lijengwe Afrika. Ndilo lile la Kikaya, Kampala, lililofunguliwa Januari 1961, ambalo wanafunzi wa Uganda hupelekwa kulitembelea bila kujua kwamba liko pale kwa sababu jingine lilizuiwa Tehran. Mwaka 1977 Idi Amin aliwapiga marufuku Wabahai pamoja na madhehebu mengine mengi, na marufuku hiyo ikaondoka alipoondolewa yeye, 1979. Waganda wazee wanaokumbuka miaka miwili hiyo ni mashahidi wazuri wa kualikwa kwenye meza niliyoitaja.

Mfungwa akiachiwa, usilifunge jalada. Sabet na Kamalabadi walitoka mwaka 2017 na kukamatwa tena mwaka 2022. Khanjani, mzee wa miaka 90, alikamatwa tena kwa muda Agosti 2023. Weka kwenye kalenda ya simu yako tarehe ya kukamatwa, ya hukumu na ya mapitio yajayo ya Geneva. Hifadhi nakala ya kila barua na muhuri wa posta. Ukihama au ukichoka, mkabidhi mwingine jalada likiwa na maelezo ya ukurasa mmoja: nani, anashtakiwa nini, familia inataka nini, na barua ya mwisho ilikwenda kwa nani.